Kikombe cha Ijumaa

14 Januari

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na shangazi ameacha kile kikohozi chake. Ukitaka habari zetu, sisi hatujambo, tena hatujambo kupita kiasi. Najua simu hupokei. Ulisema simu inamkatiza mtu maneno kabla hajayafikiri, nami nimekubali yaishe, basi naandika.

Baba, nina furaha mpaka naona aibu kwa majirani. Vyumba vyetu ni viwili tu, ghorofa ya tatu, lakini asubuhi jua linaingia dirishani moja kwa moja mpaka kwenye mto wa mume wangu, na mimi namtazama anavyokunja uso kabla hajaamka. Kazini wanamwita Zimawasha. Mtu yeyote akipiga simu kwamba kompyuta imegoma, jambo la kwanza analomwambia ni, "Zima, halafu washa." Mara nyingi inakubali! Siku moja nilinuna kidogo, akaja akanigusa bega: "Nikuzime nikuwashe?" Nilicheka mpaka nikasahau nilinunia nini.

Nitakuambia jinsi kunavyokucha kwetu. Anaketi na kikombe cha chai, anasoma habari za mitambo kwenye simu yake kwa sauti, na kila habari anaitolea hukumu kama hakimu. Kuna simu mpya yenye kamera nne. "Macho manne, na bado haioni kwamba betri yake haifiki jioni." Kuna kampuni kubwa imefukuza watu wake wa kupokea simu, ati akili bandia itajibu wateja. "Waiweke mbele ya mteja aliyekatiwa huduma siku ya mwisho wa mwezi, tuone kama haitaomba likizo." Programu ya kuandikia, ambayo mtu alikuwa akiinunua mara moja basi, sasa analipia kila mwezi. "Tutafika mahali tulipie kufungua mlango wetu wenyewe." Simu za siku hizi zinabandikwa kwa gundi, huwezi kuzifungua, lakini hilo yeye analiona zuri kwa sababu maji hayaingii. Chai yake inapoa kila siku. Namtengenezea nyingine kila siku.

Sasa niseme lililonikaa moyoni. Najua kilichokuudhi. Siku aliyokuja kujitambulisha, mbele ya wajomba zangu, aliiona redio uliyokuwa umeifungua mezani akasema, "Mzee, si ununue nyingine tu?" Wajomba wakacheka. Wewe hukucheka. Miezi michache kabla ulikuwa umelifunga duka lako la kutengeneza redio kwa sababu watu wote walikuwa wakisema maneno hayohayo. Baba, kule kazini kwake hiyo ndiyo lugha yao kutwa nzima, kitu kikizeeka kinabadilishwa. Alidhani anakusaidia. Tangu siku hiyo humtaji. Harusini ulikaa nyuma kabisa, na tulipoitwa kupiga picha ya familia, kiti chako kilikuwa kitupu.

Sitaki zawadi wala chochote. Nataka uje kwetu, umpe mume wangu mkono, umwite mkwe. Hilo tu likitimia, mimi nitakuwa nimemaliza kuomba duniani.

Mwambie shangazi nampenda.

Ni mimi binti yako.


2 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Barua yako nimeipata na nimeisoma yote, nikapumzika katikati. Goti linauma asubuhi tu. Shangazi yako anakohoa akitaka kusikilizwa, asipotaka hakohoi. Anakusalimu.

Nimefurahi kwamba una furaha. Jua kwenye mto ni jambo jema, lakini weka pazia zito, mtu anayefanya kazi anahitaji usingizi.

Kuhusu kuja, ghorofa ya tatu na goti hili haviwezi kuelewana. Kuhusu huyo bwana wako, mimi sina neno naye. Ninalo moja tu, na si la ugomvi, ni la kazi. Mwambie kitu kinachobandikwa gundi hakifungwi ili maji yasiingie. Kinafungwa ili wewe usiingie. Maji yalizuiwa zamani kwa mpira na skrubu. Saa ya mkononi niliyovaa ujanani nilioga nayo, na ilikuwa na skrubu.

Usimtengenezee chai ya pili. Akinywa baridi mara mbili atajifunza.

Baba yako.


16 Februari

Baba yangu, fundi wangu,

Shikamoo tena, na pole ya goti. Sisi wazima. Pazia zito nimenunua, lakini asubuhi nalifungua kidogo kwa makusudi, usiniulize kwa nini.

Baba, nilimsomea mume wangu barua yako. Nilipofika pale "ili wewe usiingie" alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Halafu akasema, "Rudia." Nikarudia. Akachukua simu yake, akaigeuzageuza kama mtu aliyegundua kwamba rafiki yake anamficha kitu. Kesho yake asubuhi ananiambia, "Lakini mwambie mzee kwamba skrubu zinaongeza unene." Mimi nikamwambia mwambie mwenyewe. Akasema, "Ananichukia." Nikasema hakuchukii, hajakuzoea. Basi ndiyo nimeleta hoja yake ya unene, na wewe ukipenda uijibu.

Kuna jingine, nakuomba ulisome ukiwa umeketi. Mume wangu kila Ijumaa huwaandikia wenzake wa ofisini ukurasa mmoja. Anauita Kikombe cha Ijumaa. Ni habari za mitambo za wiki ile na maoni yake, yale yale ninayoyasikia asubuhi, ila ofisini anayapanga vizuri na kupunguza matusi. Anautuma kwenye kompyuta za watu wote, kuanzia bosi mpaka mama wa mapokezi. Ijumaa iliyopita aliliweka neno lako la gundi, chini akaandika: "Baba Mkwe." Ukurasa wenyewe nimekufungia humu.

Baba, ofisi nzima ilisimama! Mama wa mapokezi aliuchapisha ukurasa akaubandika karibu na mtungi wa maji. Mhasibu, mtu ambaye mume wangu anasema hajawahi kuona meno yake, alimfuata mpaka kwenye ngazi. "Huyu Baba Mkwe anasemaje kuhusu printa?" Sasa wote wanangoja Ijumaa.

Na wana maswali. Mume wangu anasema kulazimisha watu wabadilishe neno la siri kila mwezi ni upuuzi, kwa sababu mwisho wake wanaliandika kwenye kikaratasi na kukibandika chini ya kibodi. Wewe unaonaje? Na je, mashine inaweza kuwa fundi?

Usikasirike. Ukikasirika, kasirika kwa maandishi.

Binti yako anayekuogopa kidogo na kukupenda sana.


5 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Mvua imeanza na paa la jikoni linavuja mahali palepale.

Nimekasirika. Nani alimpa ruhusa kuniita baba mkwe mbele ya watu nisiowajua? Mtu haitwi hivyo kwa kujitangazia. Akitaka kuniweka kwenye ukurasa wake, aandike Fundi. Hilo ni jina nililolifanyia kazi.

Pili, ameninukuu vibaya. Ukurasa ulioniletea umeandika "ili mteja asiingie." Mimi niliandika "ili wewe usiingie." Nilikuwa nasema na yeye, si na mteja. Mtu akibeba maneno ya mwenzake ayabebe yote.

Tatu, kuhusu unene. Asiniambie habari za unene. Nimeona simu hizo nyembamba, wote wanazivisha gamba la mpira zinakuwa nene kuliko za zamani.

Nne, kuhusu maneno ya siri. Hapo ameona mbali, nakubali. Nilikuwa na mteja mmoja aliyebadilisha kufuli ya mlango wake kila mara kwa kuogopa wezi. Ufunguo aliuweka juu ya fremu ya mlango. Sisi wote tulijua.

Tano, mashine kuwa fundi. Sijui. Nimesikia zinaandika na kuchora. Lakini mashine haijawahi kurushwa na umeme. Fundi ambaye hajawahi kurushwa na umeme mimi simwachii redio yangu, maana haogopi panapostahili kuogopwa. Hilo aliweke kama nilivyoliandika.

Shangazi yako anauliza huyo mhasibu ana mke.

Baba yako.


21 Machi

Baba yangu mshindi,

Shikamoo! Naandika nimesimama, posta wanakaribia kufunga, na mume wangu alinikawiza mlangoni kwa mambo ya watu waliooana juzi. Tu wazima kabisa. Nawe? Goti? Paa?

Umeshinda, Baba. Kikombe cha Ijumaa sasa kina pande mbili: kushoto Zimawasha, kulia Fundi. Neno la kurushwa na umeme limewaua. Vijana wa idara yake wanasalimiana, "Umesharushwa?" Bosi mwenyewe alisema mkutanoni, mbele ya wageni waliokuja kumuuzia programu ya akili bandia, "Fundi wetu ana swali moja kwenu," akalisoma. Wageni wakatazamana! Mume wangu aliporudi alinisimulia huku anazunguka meza, anaigiza sura ya kila mmoja wao, nikamwona jinsi anavyolitamka neno Fundi. Baba, anajivuna nalo. Anajivuna na wewe. Mhasibu hana mke.

Nimefunga humu ukurasa mpya umetoka sasa hivi, hata sijausoma, nitausoma nyumbani kwenye simu yake. Jibu haraka, upande wa kulia unakungoja.

Binti yako mwenye mbio.


22 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini ni wazima nyote wawili. Sina hakika, kwa sababu hujaandika. Nilidhani ni posta. Nikaenda kuuliza, wakasema posta haina tatizo. Ndipo nikarudi nikausoma kwenye simu ya mume wangu ule ukurasa niliokutumia bila kuusoma.

Nimeona alichoandika upande wa kushoto. "Kiwanda kingine kimetangaza kwamba hakitengenezi tena redio. Kwaheri, redio. Wa kukulilia ni mafundi tu, nao siku hizi ukiwatafuta unawakuta wamefunga duka."

Baba, nilimfuata jikoni na ile simu, ukurasa ukiwa wazi, nikamuuliza, "Uliandika ukijua nani atasoma?" Akasema, "Nilijua. Ndiyo maana niliandika. Nilitaka anijibu, anipige kofi moja zuri la maneno kama anavyofanya siku zote. Nilimtania kama mtu wa nyumbani." Nikamwambia, "Hajakuita mtu wa nyumbani." Hapo akaketi. Ndio ugomvi wetu wa kwanza, na hatukupigizana hata kelele. Chakula tulikula kila mtu anatazama sahani yake.

Ijumaa iliyofuata alituma Kikombe. Kushoto aliandika mistari miwili mitatu. Kulia aliacha patupu. Watu wakauliza Fundi yuko wapi, akawajibu, "Nimemuudhi." Tangu hapo kila Ijumaa upande wa kulia ni mweupe, na mama wa mapokezi anaubandika hivyohivyo karibu na mtungi wa maji.

Si yeye tu. Mimi ndiye niliyekupelekea, tena kwa kukimbia. Naomba uandike, hata kama ni kunigombeza.

Binti yako.


10 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Hujambo? Shangazi hajambo? Sisi tupo.

Mume wangu ameondoka asubuhi hii na boksi kubwa ambalo halikupita vizuri mlangoni. Nilipouliza anakwenda wapi alisema, "Kazi." Nikauliza kazi gani siku ya Jumamosi na shati la ofisini. Akanibusu kwenye paji la uso akasema atarudi kesho. Alivyoshuka ngazi nilisikia boksi likigonga kila ukuta na yeye akiliomba radhi.

Sijui nikuandikie nini tena. Nakuandikia tu ili ujue bado nakuandikia.

Binti yako.


13 Mei

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, na marahaba za barua zote nilizokaa nazo bila kujibu. Sisi ni wazima. Goti leo limelegea, na nitakueleza sababu.

Jumamosi nilikuwa nimekaa nje ya duka langu lililofungwa. Nikaona boksi linakuja barabarani. Lilikuwa kubwa kiasi kwamba aliyelibeba alionekana miguu tu. Likafika mbele yangu, likasimama, likasema, "Shikamoo, mzee."

Nikasema, "Marahaba. Nani humo?"

Akalitua. Ni yeye, jasho limemlowesha mpaka mkanda wa suruali. Akasema, "Nimeleta printa ya ofisi."

"Mimi ni fundi wa redio. Na kwa habari nilizosoma, tulikwisha."

Aliinamisha kichwa. Halafu akasema, "Imenishinda, mzee. Ofisi imeamua itupwe. Kazi yangu ni kuitia sahihi itupwe. Lakini sijawahi hata kuifungua. Najua kuizima na kuiwasha. Imenishinda."

Chiriku, wewe ulikulia dukani lakini ulikuwa mtoto, huenda hukuona. Sisi mafundi wa benchi tulikuwa na utaratibu wetu. Mtu akikuletea kitu kilichoharibika ni mteja, anakaa mbele ya meza. Lakini fundi akikuletea kazi na akatamka kwa mdomo wake kwamba imemshinda, huyo humkalishi mbele. Anazunguka meza, anakaa upande wako, mnafanya pamoja. Na si wengi wanaotamka. Katika miaka yangu yote walionitamkia hivyo wanajaza mkono mmoja. Wengine walipendelea kuziharibu kabisa.

Nikamuuliza, "Nani amekufundisha kusema hivyo? Binti yangu?"

Akanitazama kama hajui nasema nini. "Kusema nini? Imenishinda kweli."

Basi nikaingia ndani, nikachukua ufunguo, nikalifungua duka.

Sasa nikuambie habari za printa. Kitu kile ni balaa. Nimefungua redio, saa, gramafoni na mashine za cherehani, sijaona chombo chenye meno mengi na shukrani kidogo namna ile. Skrubu ya kwanza nilifungua, ya pili nikafungua, ya tatu ikarusha springi, ikapotea. Tuliitafuta tukiwa tumepiga magoti wote wawili, mimi na goti langu hili. Shangazi yako, aliyekuwa amepita na chai wakati ule, alirudi akatukuta tumeinama chini ya meza, akauliza mnaswali au mnacheza. Springi ilikuwa kwenye kilemba chake.

Bwana wako alikuwa na picha ya matumbo ya printa kwenye simu yake. Nilikataa kuitazama. Nikasema fundi anasoma chombo, hasomi picha. Baadaye nilipofunga mkono mmoja wa ile mashine mahali usipostahili, na kipande cha ziada kikabaki kiganjani mwangu, nikasema, "Hebu niione hiyo picha." Alinionyesha bila kucheka. Hapo nilimpa alama.

Mimi niliamini ni mipira inayovuta karatasi imechoka. Yeye aliamini ni programu imekorogeka. Mimi nikaisugua mipira kwa spiriti, yeye akaunganisha kompyuta yake akaiandikia maneno. Printa ikatukatalia wote. Tukaanza kubishana. Akaniambia mzee unang'ang'ania mipira kama mimi ninavyong'ang'ania kuzima na kuwasha! Nikamwambia angalau mpira unashikika. Shangazi yako akaleta chakula, akatuambia tutafune kwanza halafu tuendelee kupigana.

Jumapili asubuhi, yeye akimulika na mimi nimeshika kibano, tukaona. Mle ndani kuna jicho dogo linalotazama kama karatasi imepita. Lilikuwa limezibwa na kipande cha karatasi kidogo kama ukucha wa mtoto. Mashine nzima, kubwa kama mbuzi, ilikuwa imelala kwa sababu ya hicho. Yeye akasogeza tochi, mimi nikachomoa. Tukafunga. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kubonyeza, tukabonyeza pamoja.

Ikanguruma. Ikakohoa kama shangazi yako. Ikatoa karatasi ya majaribio, mistari myeusi tu kutoka juu mpaka chini, na mwanangu, tulishangilia mpaka majirani wakaja kuuliza nani amefunga goli.

Kabla ya hapo, katikati ya kazi, alianza kusema, "Mzee, ile niliyoandika kuhusu redio..." Nikamwambia, "Shika tochi." Akashika. Hilo limekwisha, wewe pia usilifufue.

Shati lake usilisugue, ule wino hautoki. Ukimwona anatembea kama mfalme, mwache, anastahili. Printa nimeibakiza hapa mpaka apate gari la kuirudisha. Nikibaki peke yangu naiwasha tu niisikie.

Na upande wa kulia wa ukurasa wenu usikae mtupu. Ijumaa aweke hili, neno kwa neno:

"Mkwe wangu anaiaga redio. Anaiaga akiwa ameishika mkononi. Simu yake hiyo, ukiinyang'anya mawimbi, ni kioo cha kujitazamia. Redio haikufa, ilihama nyumba, na haikumwachia anwani. Fundi."

Baba yako.


18 Mei

Babaaa!

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Wewe mzima, shangazi mzima, mimi hata sijui kama ni mzima, nimelia mpaka jirani wa chini amepanda kuuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna aliyefariki, baba yangu ameandika "mkwe wangu." Akanitazama akashuka.

Alirudi Jumapili jioni na wino mpaka kwenye sikio. Hakuniambia kitu! Alikaa kitandani anatabasamu na ukuta. Nilidhani amepatwa na homa. Nikauliza ulikuwa wapi, akasema, "Benchi." Basi. Nilikaa na "benchi" yangu mpaka barua yako ilipofika, nikamsomea kwa sauti. Nilipofika kwenye ile "mkwe wangu" alinyoosha mkono akasema, "Nipe nijionee mwenyewe." Aliisoma, akaenda dirishani, akanipa mgongo. Baba, akajifuta macho kwa lile pazia zito. Nikamkumbatia kwa nyuma na tukakaa hivyo, chai ikipoa, na safari hii vilipoa vikombe vyote viwili.

Ijumaa Kikombe kilitoka. Mhasibu alicheka kwa sauti, watu wakatoka ofisini mwao kumtazama. Na printa imerudi! Waliibeba watu wanne, mama wa mapokezi akaifungulia milango yote miwili kama bibi harusi, ikachapisha ukurasa wa Kikombe chenyewe, ukatoka safi bila kukwama, ofisi nzima ikapiga makofi. Bosi akatangaza palepale kwamba kuanzia sasa hakuna kitu kitakachotiwa sahihi ya kutupwa kabla hakijafunguliwa kwanza. Wamempa mume wangu chumba kidogo chenye meza ndefu. Ana haki ya kumchagua mtu wa kukaa naye pale wiki ya kwanza, kumfundisha yeye na vijana wake.

Nadhani unajua amemchagua nani. Ngazi zetu zina mahali pa kupumzika kila ghorofa, nimeshaweka kiti kila moja. Majirani wameridhia.

Binti yako, binti yako, binti yako.


29 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Najua u mzima kwa sababu nakusikia.

Nakuandikia kutoka jikoni. Wewe uko sebuleni na mume wangu tangu mliporudi kazini, hatua chache kutoka hapa, na nimewaita mara mbili nikasema chakula kiko tayari. Mara ya kwanza mlisema, "Tunakuja." Mara ya pili hamkunisikia. Najua wewe barua hujawahi kuacha kuisoma, kwa hiyo nitaipitisha hii chini ya mlango.

Nimesimama hapa nawasikiliza. Mnabishana kuhusu lile friji la kwenye habari, linalojitazama ndani na kuagiza maziwa lenyewe. Wewe unasema chombo cha jikoni hakina haki ya kwenda dukani. Yeye anasema kina haki, mradi kiwe na kitufe cha kukinyamazisha. Umemwita mkwe mara nyingi mpaka nimeacha kushtuka. Yeye amekwambia, "Acha ubishi, mzee," na wewe ukacheka. Nimeegemea mlango na mwiko mkononi, Baba, na sijui mtu mwingine duniani mwenye bahati kama yangu leo.

Lakini chakula kinapoa.

Binti yako.


(Nyuma ya karatasi hiyohiyo)

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika salama, posta ya chini ya mlango haina tatizo. Huku sebuleni sote hatujambo.

Suala la friji limetushinda, mimi na huyu. Umetubebea maneno yetu miezi yote hii na hakuna aliyekuuliza lako. Njoo uamue. Ukurasa wa Ijumaa tumeukata sehemu tatu, kushoto wake, kulia wangu, katikati yako. Tumekubaliana kwamba utakachosema ndicho kitachapishwa, hata ukitutukana.

Njoo na sahani.

Baba yako, na mumeo. (Aliyesema sahani ni yeye.)